Maji Mengi Kwenye Kikopo

Jumatatu, 5 Mei

Kliniki tena. Mvua, foleni, benchi limelowa. Nikapewa kikopo, mkojo hautoki. Nikanywa chupa mbili za maji, nikaongeza ya tatu. Ukatoka mweupe kama maji ya bomba. Protini: hakuna. Presha imepanda kidogo, nirudi wiki ijayo. Bimkubwa, mama wa mume wangu Suleiman, kafurahi. Mimi sikufurahi. Mimba ya miezi minane, kichwa kinanigonga, viatu havinienei.

Jumanne, 6 Mei

Nimeshona mpaka alasiri. Wifi yangu anaolewa Nungwi Jumamosi na nguo zote ni juu yangu. Miguu imevimba. Nikibonyeza, shimo linabaki. Bimkubwa anasema yeye alivimba kwa watoto wote saba. Nataka kumwamini. Siwezi. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nafunga.

Jumatano, 7 Mei

Simu ya maabara. Bi Zuwena, mpimaji.

"Bi Rahma, mkojo wako wa juzi mwepesi mno. Ulikunywa maji mengi?"

"Chupa tatu."

"Basi hilo jibu la protini silitegemei. Kijiko cha sukari kitie kwenye gilasi, utaionja. Kitie kwenye ndoo, utasema hamna sukari. Na sukari imo."

Ule mkojo ushamwagwa, anataka mwingine. Safari hii atapima na kriatinini, taka ambayo mwili huitoa karibu kiasi kile kile kila siku. Maji yakizidi, protini na hiyo taka zote hupungua pamoja. Kwa hiyo atalinganisha moja na nyingine, maji yasimdanganye. "Njoo kesho," kasema. "Usingoje. Presha ikipanda na protini imo, ni hatari."

Nikampigia Suleiman, yuko kazini Kendwa, hotelini. "Jibu si wamekupa? Harusi ipite kwanza, utakwenda." Nikakata simu. Nina hasira naye.

Alhamisi, 8 Mei

Gari la Nungwi lilikuja asubuhi. Watu wakapanda, mabegi yakapanda. Mimi mlangoni, nguo ya bi harusi mkononi. Nikampa Bimkubwa.

"Mimi siendi. Nnakwenda kupima."

"Rahma, watu watasema nini? Mke wa kaka yake asionekane?"

"Nisamehe, Bimkubwa."

Gari likaondoka. Nilimwogopa yeye kuliko ugonjwa, nauandika ukweli.

Kliniki peke yangu. Nikatoa mkojo bila ya kunywa kitu. Nikangoja. Nikazunguka ua, nikarudi, nikazunguka tena. Bi Zuwena akatoka mwenyewe na karatasi, akaniita ndani kwa daktari. Protini nyingi. Presha imepanda zaidi. Daktari kasema sirudi nyumbani, hii ndiyo inayoleta kifafa cha mimba. Gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa. Sina hata khanga ya kubadilisha.

Ijumaa, 9 Mei

Sindano za kuzuia degedege. Mwili mzima unawaka. Macho yanaona vimulimuli. Suleiman kaja kutoka Kendwa, bado na sare ya kazi. Kakaa. Kesho wanamtoa mtoto. Naogopa kufa. Naogopa yeye afe nibaki.

Jumapili, 11 Mei

Msichana. Yu hai. Mdogo mno, yuko kwenye mashine ya joto chumba cha pili, sijamwona. Suleiman kamwona. Karudi analia, kasema, "Ningekuua, Rahma." Sikumwambia hapana. Nikampa mkono tu.

Jumatano, 14 Mei

Nimemshika. Presha bado inapanda na kushuka. Kila muuguzi akipita namuuliza.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imekatika. Presha imetulia. Mtoto kanyonya kidogo, kalala. Bimkubwa kaja na uji. Hina ya harusi bado mikononi. Akanikalisha, akaanza kunichana nywele, taratibu, fundo moja moja.

"Lau ungenisikiliza mimi, ukaja nasi Nungwi..." kasema.

Nikamwekea mtoto mapajani.