Wema wangu kwenye tope la ndiva

Vudee, Jumamosi usiku

Na bado nina hasira, tena na mtu ambaye hajanikosea chochote.

Leo kulikuwa na msaragambo, kijiji kizima kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Shamba langu liko juu ya bwawa, maji yake hayanifikii hata tone. Nilikwenda kwa wema tu, na nilihakikisha watu wanajua.

Mzee Elinami akanisifu mbele ya wote. "Baba Eliya hana faida yoyote hapa, kaja kwa upendo." Nikaegemea jembe ili nimsikie vizuri. Nadhani niliendelea kuliegemea mpaka makande yakaiva.

Jirani yangu Mama Nakiete alikuwa ndani ya tope mpaka magotini, anachimba kama anayefukua hazina. Nikamwambia, "Pole na kujitolea, mama."

Akacheka. "Nani kajitolea? Maharage yangu yanakauka. Hao wengine watajijua."

Hakuna aliyemsifu. Jioni mfereji ukajaa, maji yakapita kwake, yakaenda kwa hao wengine wote, hata kwa yule mjane niliyemwombea asubuhi kwa sauti.

Sasa hivi nimepiga magoti kumshukuru Mungu kwa moyo wa kutoa alionipa. Sikufika mbali. Nikajikuta naomba kwamba siku nyumba yangu ikishika moto, asiniletee mtu mwema. Aniletee yule ambaye nyumba yake ndiyo inayofuata.