Sumaku ya Baba

Shikamoo Baba.

Najua huitikii, lakini nikianza bila kukuamkia utanigombeza hata huko uliko. Leo nimeacha kazi mapema. Umeme umekatika tena, Doornfontein nzima, cherehani imelala, nami nimekaa kwenye benchi lako la useremala nakuandikia kwa mwanga wa dirishani. Randa zako nimezipaka mafuta. Sijamuuzia mtu hata moja, kwa hiyo usianze.

Nina habari ya kukupa, lakini ngoja kwanza nikwambie hali. Hali ni upweke, Baba. Tangu ututoke mwaka jana, katika ile baridi ya Julai, sina wa kusema naye Kiswahili cha kwetu Tanga. Mama Furaha, yule msusi Mkongomani wa chumba cha pili, ananipenda, lakini nikifungua mdomo lazima acheke kwanza: "Weye dada, unasemaka kama radio!" Nikitoka nje ni eish na sharp, maneno ya mitaa ya hapa, mpaka jioni. Nikirudi chumbani kwangu Berea napika wali wa mtu mmoja, na kipimo chake sijakijua bado, kila siku unabaki. Natamani hata mtu wa kugombana naye.

Maana wewe ulikuwa mgomvi, usikatae. Na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ile sumaku uliyoivaa shingoni kwa uzi wa katani. Hakuna ubao ulioingia humu bila kupitishiwa sumaku kwanza. Wateja walidhani ni uganga. Siku moja uliisogeza kwenye mkasi wangu, ikaung'ang'ania, ukanikazia macho: "Huu ungetuua sote." Johannesburg hii, Baba! Bahari yenyewe iko safari ya usiku mzima kwa basi!

Kisa chake nilikijua hadi nikawa nakumalizia sentensi. Ulikuwa baharia wa meli ya mizigo, ukaugua, wakakushusha Aleksandria wakaenda zao. Ulipopona ukapata useremala kwenye meli ndogo ya kivita, ya mbao tupu. Waingereza waliijenga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kazi yake kufagia mabomu yaliyotegwa majini, na wewe ukaiita Mfagizi. Mabomu yale yalinusa chuma, ulivyosema. Meli ya chuma ikipita juu yake, kwisha. Ndiyo maana Mfagizi alikuwa wa mbao, na misumari yake ya shaba. Vita vilipokwisha akakabidhiwa kwa jeshi la majini la watu wengine, mara ulisema Wagiriki, mara Waitaliano, kila ukisimulia ulibadilisha. Mwisho akaangukia kwa Wamisri, na wewe ndipo ulipomkuta. Mlipokwangua rangi kule nyuma, chini ya jina la Kiarabu likatokea jina jingine, na chini yake la Kiingereza. "Bendera tatu, Mwanaidi," ulikuwa unasema, "na mbao ni zile zile."

Halafu yule mwenzenu mvivu, aliyepigilia msumari mmoja wa chuma chini ya kitanda chake akidhani hautajulikana. Mkafumua ubao mmoja mmoja mpaka mkauona. Hapo ulikuwa hucheki hata kidogo.

Sasa sikia. Siku ya mazishi yako nilijikaza. Waliokuosha walinikabidhi sumaku, nikaivaa, nikatulia kabisa. Kisha pickup ya msikiti ikasimama mlangoni, nami nikaziona mbao za kufunikia mwanandani, zile za kuzuia udongo usikuangukie. Zilikuwa mbao za paleti, zile za kupangia mizigo, Baba! Misumari imejaa, mingine imekatika vichwa imezama ndani. Nikasema hizi haziondoki. Wanaume wakaniambia, "Dada, maiti hacheleweshwi." Nikawajibu kwamba huyu wangu angesubiri, tena angekuwa wa kwanza kusema tusubiri. Nikachukua nyundo yako, nikapiga magoti palepale barabarani, napitisha sumaku, nang'oa, nalia, kamasi zinanitoka mbele za watu. Ni Shabani peke yake, yule Mzanzibari mlinzi aliyekuwa akija kunywa chai kwako, aliyeinama kunisaidia. Ubao wa mwisho sikuuwahi, na sumaku ilikwisha kunionyesha msumari mmoja ndani yake. Wakaninyang'anya mikononi, wakapandisha, pickup ikaondoka. Na sisi wanawake hatuendi kuzika. Nikabaki barabarani na nyundo.

Ubao ule umenitesa. Nikiushika mkasi naukumbuka, nikila naukumbuka. Mama Furaha aliniuliza, "Sasa dada, musumari moja tu, itamufanya nini?" Najua uko ardhini, hauko baharini, na hakuna bomu litakalokufuata huko. Lakini maisha yako yote hukukubali kitu kingine, na kazi yako ya mwisho iliangukia mikononi mwangu. Nilitaka iwe safi. Nilitaka sana, Baba.

Habari yenyewe ni hii. Shabani alihamishiwa lindo la Diepsloot, mbali huko nje ya mji, siku chache baada ya mazishi, nikawa simwoni. Juzi akapita kunisalimu. Nilimtengenezea chai ile ya tangawizi, na kabla hajainywa nikaanza kulia, nikamwambia habari ya ubao. Akaweka kikombe chini. Akasema yeye ndiye aliyekuwa ndani ya kaburi, anapokea mbao. Alipopewa ule wa mwisho aliniona mimi akilini, nimepiga magoti barabarani, hivyo ndivyo alivyosema, akaupapasa kwa kiganja kwa kuwa hakuwa na sumaku. Msumari ukamchoma. Akaomba koleo la dereva, akauchomoa huku watu wanamhimiza, akautia mfukoni mwa kanzu. "Sikujua kama unaungoja, dada," akaniambia. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia, nikamwongezea chai.

Leo asubuhi kauleta. Ni msumari mdogo tu, umepinda, una kutu. Nikausogezea sumaku ukaruka wenyewe ukaganda.

Bado umeganda hapa kifuani pangu ninapoandika. Sitaubandua. Upweke haujaondoka, nisikudanganye, jioni nitarudi Berea nipike tena wali utakaobaki. Ila nakuahidi mambo mawili. Hakuna ubao utakaoingia humu bila kupimwa, wateja waseme ni uganga, wakichoka watanyamaza. Na Ijumaa hii nitamwita Shabani na Mama Furaha waje wale huo wali, wanicheke wanavyotaka.

Lala sasa, Baba. Juu yako ni mbao tupu.

Mwanao,
Mwanaidi