Mwizi wa Mama

Härnösand, 23 Agosti 1998

Mdogo wangu Tyra,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima. Sijui tumbo lako. Nina kinyongo, sitaficha. Mwaka mzima nimengoja karamu yangu ya samaki wa kuchacha, wale wa kopo wanaonuka huku wakiwa watamu. Nafungua kopo, tunaanza kula tu, wewe unashika tumbo, na mama huyoo, kakufuata barazani na blanketi. Hakuonja hata mkate wangu. Samaki wale tumekula sote mezani, mbona wewe peke yako? Siku yangu ikifika, na huo ugonjwa wako wa lupus unaamka. Mama ni wetu sote. Nakuonea wivu, basi, nimesema.

Dada yako,
Gunvor

Sundsvall, 27 Agosti

Dada Gunvor,

Hujambo? Watoto hawajambo? Wivu ni wangu mimi, dada. Wewe unaota jua bila hofu ya kuamsha ugonjwa, na unakula bila kuiwaza kesho. Hata mimi nililaumu samaki wako. Nikadhani uchafuko ule wa tumbo utapita wenyewe. Haukupita. Natapika, tumbo limejaa kama ngoma. Hospitali siendi. Nikilazwa mama atahamia huku, nawe utasema nimemwiba tena. Usimwambie.

Mdogo wako,
Tyra

Hospitalini, 8 Septemba

Dada yangu,

Salamu kutoka kitandani. Nashukuru, barua yangu uliijibu kwa kugonga mlango: "Inuka, mwizi wa mama, twende!" Sijawahi kutukanwa vizuri vile.

Picha za tumbo zimeonyesha samaki hawana kosa. Lupus imeshambulia mishipa ya damu ya utumbo, nao umevimba. Tungechelewa, ungetoboka, nikapasuliwa. Nimepewa steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, kwa dripu, bila chakula. Jana ndiyo nimeruhusiwa supu. Wataongeza dawa ya kutuliza kinga ya mwili, maana kinga hiyo ndiyo inayonigeuka.

Ila huku kuna vita. Muuguzi aliuliza apigiwe nani simu kwanza nikizidiwa. Nikasema, Gunvor. Mama alikuwa papo hapo. "Nimezaa mimi, anaitwa Gunvor!" Tangu hapo hanisemeshi, anafuma soksi kwa hasira.

Mdogo wako,
Tyra

Härnösand, 11 Septemba

Tyra mpenzi,

Pole, na supu ishuke salama. Barua yako nimeisoma mara tatu, ile sehemu ya mama mara tano. Mwache anune. Naja Jumamosi. Mwambie kabisa: kile kiti cha karibu na kitanda ni changu.

Dada yako,
Gunvor