Nilimvua Mama Mdogo Kiatu

Rachana, uko hapo? Nimefanya jambo baya sana. Nimemwangusha mama mdogo Sophal hekaluni.

Unakijua kile chuma chake kipya cha mguu, chenye betri, kinachoshika goti akikanyaga na kuliachia akinyanyua mguu. Fundi alisema kimepimwa pamoja na kiatu, asitembee bila kiatu hata kidogo.

Sasa leo mlangoni viatu vya watu wote viko nje, yeye anataka kuingia na chake. Mama mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Huyu anamwendea Buddha na kiatu?" Niliona aibu, Rachana! Nikamwambia, "Vua, mama, watu wanatutazama."

Akasema, "Fundi kanikataza, mwanangu."

Nikainama nikamvua. Mimi, kwa mikono yangu!

Hatua ya kwanza tu, goti likakunjika. Akaanguka na bakuli lake la wali wa sadaka mbele ya watawa.

Hajavunjika. Lakini sasa tuko kliniki, na fundi amefoka: "Kama hufuati maagizo, nakurudishia chuma cha zamani." Kile kilichomfanya aburute mguu miaka yote!

Mama mdogo akajibu, "Nisamehe, baba. Nilivua mwenyewe, nilijisahau." Hata hakunitazama. Nami nikamwacha abebe kosa langu! Nikatoka nje eti napiga simu.

Namwona fundi dirishani, ameanza kufungua mikanda ya chuma kipya. Rachana, usinijibu. Ukinijibu nitabaki hapa nikisoma. Naingia kumwambia ni mimi.