Mikono Iliyobaki Mapajani

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Msambweni tu wazima, na mguu wa mamako umepona.

Unauliza kama ni kweli mtu huwafuata wengi, kama nadharia mliyofundishwa inavyosema. Miaka ya uhuru nilikuwa ripota, nikahudhuria kikao cha kuwaachia wenye hoteli kisima chetu. Njiani kila mtu alilalamika. Lakini mwenyekiti aliposema, “Tusome Fatiha tumalize,” yaani tumekubaliana, viganja vyote viliinuka, ila vya msichana mmoja.

“Fatiha naiheshimu, mzee. Shauri sijaliafiki.”

“Peke yako, binti?”

“Mpaka atokee wa pili.”

Viganja vikashuka kimoja kimoja.

Nadharia yako inawaeleza wale wengi vizuri. Yeye haimwelezi. Chai ninayokunywa nikikuandikia ni ya maji ya kisima kile, na aliyeipika ni yeye, bibi yako.

Babu yako