Miche ya Maua ya Mama

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii itawakuta wazima nyote, na kwamba lile goti lako limekubali dawa. Sisi hatujambo. Shemeji yako bado anakoroma kama mashine ya kusaga, watoto wanarefuka kuzishinda nguo zao, na mama mkwe anakusalimu, ingawa jina lako humponyoka.

Uliniuliza habari za zile mbegu ulizookota kwa mama. Nilifuata maagizo yako: nikazichanganya na mchanga wenye unyevu, nikazificha kwenye friji nyuma ya siagi, ili zidhani ni majira ya baridi. Shemeji yako alinicheka, akasema ndiyo kwanza aone mtu akihofia mchanga usioze. Nilipozihamishia kwenye trei zilikaa kimya miezi na miezi, hata nikakata tamaa. Aliyenitia moyo ni mama mkwe. Yeye husahau kama amekula, lakini hakusahau kuinyunyizia trei maji. Alisema maua yanayoishi miaka mingi hayana haraka ya kuzaliwa.

Yakaota kweli. Majani mawili mawili, yenye manyoya laini kama sikio la paka, sawasawa na yale ya uani kwa mama kabla hawajapamwagia zege. Mama mkwe aliniita kutoka jikoni, akanishika mkono, tukasimama tukiyatazama tu.

Kilichofuata nilikwambia kwenye simu: kwamba mama mkwe aliimwaga trei bila kujua. Ulikasirika, ukasema mzee wa namna hiyo afungiwe mlango wa uani. Nami nikakuacha uamini hivyo.

Dada, si yeye. Ni mimi. Nilikuwa nafua, trei ikanizuia kuanika, nikaipandisha juu ya bati la banda, nikaisahau juani. Nilipoikumbuka, miche ilikuwa imekauka kama majani ya chai. Zilikuwa mbegu za mwisho, na mama hayupo tena. Nikaumwaga udongo jaani. Shemeji yako alipouliza, ulimi ukanitangulia: "Labda ni mama."

Mama mkwe aliitazama mikono yake. "Basi ni mimi," akasema. "Siku hizi mikono yangu inafanya mambo bila kuniambia."

Akalia, akaniomba radhi. Nami niliipokea, dada. Nilimwambia yamekwisha.

Tangu hapo hagusi kitu. Hata chumvi anaiombea ruhusa. Shemeji yako akaanza kuulizia mahali pa kutunzia wazee, na hapo nikashindwa kuvumilia. Jumapili nilieleza yote mbele yao. Shemeji yako alinyanyuka akatoka nje, na mpaka leo ananisemesha kwa la lazima tu. Mama mkwe alinipapasa kichwa, akacheka, akasema miche si watu. Nikadhani nimeutua mzigo.

Asubuhi yake alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni. "Mwanangu, nisamehe ile miche."

Ukweli umemtoka, hatia imebaki. Nikamweleza upya. Kesho yake tena. Kila siku ananisamehe kana kwamba ndiyo kwanza asikie, na kila asubuhi namkuta amebeba aibu ambayo ni yangu.

Kama una neno kali, nipigie mimi. Yeye mpelekee salamu tu. Nisalimie shemeji na watoto. Naiweka kalamu chini sasa. Nasikia kandambili zake zinakuja jikoni.

Ni mimi, mdogo wako