Kameruni Ilivyonipeleka Kuhani

Birmingham,
Novemba 2006

Shikamoo Baba,

Natumai goti lako lina nafuu na presha ya Mama imetulia. Sisi hapa wazima, ila baridi inatutafuna. Mjukuu wako Rukia anaelewa kila ninalomwambia, lakini anajibu Kiingereza tu. Ukipiga simu usimfokee.

Baba, leo nina jambo zito, na nusu ya lawama ni yako, uniwie radhi. Unakijua chama chetu cha Waswahili, tunaokutana Kings Heath kusaidiana kwenye harusi na misiba. Tumo Watanzania, Wakenya na Wakongo. Mimi ndiye katibu, na kwa kuwa nimelelewa na mwalimu wa Kiswahili, niliandika kwenye katiba kwamba mkutanoni ni Kiswahili sanifu tu. Nilijiona nimefanya la maana kweli! Mwezi uliopita akasimama Mama Furaha, mama mmoja wa Bukavu, akaanza kusema kwa Kiswahili chao kilichochanganyika na Kifaransa. Nikamkatiza mbele ya watu: "Mama, sanifu tafadhali." Wengine wakacheka. Akajaribu tena, akakwama, akaketi.

Wiki iliyofuata ndipo tuliposikia kuwa alitaka kutuambia mama yake mzazi amefariki. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumhani. Wakongo wote wakaacha kuja.

Nami bado nilikuwa najitetea! Nikamsimulia Tabe, Mkameruni ninayefanya naye kazi ghalani huku Great Barr, nikitegemea ataniunga mkono. Akaweka mkate wake chini, akaniuliza kama nazijua habari za kwao.

Kumbe Mjerumani aliyetutawala sisi ndiye aliyewatawala wao. Alipofukuzwa, nchi yao ikagawanywa, kipande kikubwa kwa Mfaransa, kidogo kwa Mwingereza. Wakati wa uhuru, watu wa kusini mwa kile kidogo wakapiga kura kuungana na wenzao wa Kifaransa. Wakaahidiwa shirikisho, kila upande ubaki na lugha yake, shule zake na mahakama zake. Miaka kumi na moja tu, shirikisho likafutwa. Kwenye karatasi lugha zote mbili zilikuwa sawa, lakini baba yake Tabe, karani wa mahakama upande wa Kiingereza, akaanza kuletewa nyaraka za Kifaransa na wakubwa wasiomwelewa.

"Mzee alikuwa hodari," Tabe akasema, "lakini kila akifungua mdomo, ofisi nzima inamwona mjinga. Mwishowe akanyamaza."

Huyu bwana namvulia kofia, Baba. Hana kinyongo hata chembe. Mkewe anatoka upande wa Kifaransa, na mezani kwao watoto wanataniana kwa lugha zote mbili mpaka raha. Anatusifu sana Watanzania kwa lugha iliyotufanya ndugu. "Ila wewe," akaniambia, "umeichukua ukamfungia mama wa watu mlango." Niliona haya mpaka chakula kikanishinda.

Jumamosi nikaenda kwa Mama Furaha na mke wangu, tumebeba sukari na majani ya chai kama tungefanya nyumbani. Nikamwomba radhi. Tena nikajitolea kuutangaza msiba wake mimi mwenyewe, kwa maneno mazuri. Kichwa changu kigumu jamani! Akanitazama, akasema, "Hapana. Ni mama yangu miye."

Basi nikaifuta ile kanuni, nikapita nyumba hadi nyumba kwa Wakongo kuwaomba warudi. Jana wamekuja. Mama Furaha akasimama: "Mama yangu alikufa. Miye niko mutoto wake wa mwisho, na sikumuzika." Hakuna ambaye hakuelewa. Wanawake wakamkumbatia, ukumbi mzima ukalia, nami nikalia.

Nisalimie Mama, dada Zaina na shemeji, na mjomba fundi cherehani. Mwambie suruali aliyonishonea bado naivaa. Majirani wote uwape salamu zangu.

Humu bahashani nimekutilia nakala ya kumbukumbu za mkutano wa jana. Maneno ya Mama Furaha nimeyaandika kama alivyoyasema, herufi kwa herufi. Najua ukisoma mkono wako utatafuta kalamu nyekundu. Tafadhali Baba, yaache.

Mwanao akupendaye,
Idi